Sinan: Askari seremala aliyejiita mwanagenzi wa usanifu akikaribia miaka 60

NI wachache miongoni mwa wasanifu majengo mashuhuri duniani walioanza kazi hiyo wakiwa wamechelewa kama Sinan wa Uturuki. Alipokabidhiwa wadhifa wa msanifu mkuu wa dola ya Uthmaniya, mwishoni mwa miaka ya 1530, alikuwa akikaribia kutimiza miaka 50, na karibu maisha yake yote ya utu uzima alikuwa ameyamaliza jeshini. Alipoaga dunia mwaka wa 1588, kazi zilizohusishwa na jina lake zilikuwa zimepita 300: misikiti, madaraja, hamamu, shule, hospitali, mifereji ya maji na makaburi ya wakuu.

Idadi hiyo ndiyo hutajwa mara kwa mara, nayo huwafurahisha wapendao hesabu kubwa. Hata hivyo, kwa kijana anayeanza leo kusomea usanifu wa majengo, lililo muhimu zaidi katika maisha ya Sinan si wingi wa kazi bali ni namna alivyojifunza. Hakupitia chuo chochote cha usanifu. Alifunzwa na mbao, na magofu, na madaraja ya vita, na majengo ya watu waliomtangulia ambayo aliyachunguza hadi akajua yalikuwa na nguvu wapi na udhaifu wapi.

Imepokewa kutoka kwake kwamba aliigawa kazi yake katika daraja tatu kwa kutumia misikiti mitatu. Msikiti wa Shehzade jijini Istanbul aliuita kazi ya uanagenzi. Ule wa Suleymaniye, katika jiji hilohilo, kazi ya fundi aliyekwisha kufuzu. Na ule wa Selimiye, mjini Edirne, kazi ya ustadi. Msikiti huo wa kwanza ulikamilika mwaka wa 1548. Wakati huo Sinan alikuwa na umri wa miaka ipatayo 58, umri ambao watumishi wengi wa umma huwa wameanza kuulizia malipo yao ya uzeeni. Yeye alijihesabu mwanagenzi.

Alizaliwa mnamo 1490 au karibu na mwaka huo katika kijiji cha Ağırnas, jirani na mji wa Kayseri, Anatolia ya kati. Wazazi wake walikuwa Wakristo, na hadi leo wanahistoria hawajaafikiana iwapo walikuwa Wagiriki au Waarmenia. Hiyo ni nchi ya mawe ya volkano, ambako tangu kale watu wamejenga kwa mawe na hata kuchimba makao ndani ya miamba.

Zama hizo dola ya Uthmaniya ilikuwa na utaratibu wa kuwachukua vijana wa kiume kutoka familia za Kikristo, kuwasilimisha na kuwafunza utumishi wa jeshi au wa ikulu. Tusiupambe utaratibu huo. Uliwapokonya wazazi watoto wao, ingawa ulizaa pia majemadari na mawaziri wakuu. Sinan alichukuliwa mnamo 1512, mwanzoni mwa utawala wa Sultani Selim wa Kwanza, akiwa tayari amepita umri wa kawaida wa vijana hao. Kijiji chake hakukisahau. Miaka 60 hivi baadaye, mnamo 1573, Wakristo wa eneo la Kayseri walipoamriwa kuhamia kisiwa cha Cyprus, ambacho dola ilikuwa imekiteka majuzi tu, aliwaombea jamaa zake waachwe walipo. Ombi likakubaliwa.

Jijini Istanbul vijana hao walifunzwa kazi za mikono, na Sinan akachagua useremala. Msomaji anaweza kudhani kuwa huo ulikuwa mwanzo wa chini kwa mtu ambaye angekuja kusifiwa kwa kazi ya mawe. Sivyo. Tao la mawe haliwezi kusimama likiwa nusu. Seremala hutangulia kuunda kiunzi cha mbao chenye umbo la tao lenyewe, kisha waashi hupanga mawe juu yake kutoka pande mbili hadi jiwe la katikati litiwe mahali pake. Hapo ndipo mbao huondolewa, na hapo ndipo tao hujulikana kama litasimama. Kwa hiyo anayeunda kiunzi hana budi kulijua umbo la tao kabla ya mwashi kushika jiwe la kwanza. Akikosea upana wa kidole, jengo zima litalirithi kosa lake.

Katika kumbukumbu alizomsimulia rafiki yake, mshairi Sai Mustafa Çelebi, uzeeni mwake, Sinan anajifananisha na bikari, kile chombo cha kuchorea duara ambacho kila mwanafunzi wa shule hukibeba katika kijisanduku cha hesabu. Miaka ya mafunzo, anasimulia, alikuwa kama mguu ule uliochomekwa mahali pamoja, asibanduke kwa mwalimu wake. Kisha akatamani kuwa kama mguu wa pili, ule unaozunguka.

Mguu huo wa pili ulizungushwa na vita. Alifuatana na jeshi la Selim katika nchi za Waajemi na Waarabu. Baada ya Sultani Suleiman kutawazwa mwaka wa 1520, Sinan, sasa akiwa askari wa kikosi cha Wajanisari, alikuwapo Belgrade mwaka wa 1521, kisiwani Rhodes mwaka wa 1522, Mohács nchini Hungary mwaka wa 1526, na katika safari ya Baghdad iliyoanza mwaka wa 1534. Alipanda cheo hatua kwa hatua. Lakini kumbukumbu zake zinaonyesha kwamba alipopita katika miji hiyo macho yake yalikuwa juu ya majengo, na kwamba hata magofu aliyahesabu kuwa masurufu ya safari.

Kwa mwanafunzi wa ujenzi, gofu lina faida ambayo jengo zima halina. Jengo zima huficha siri zake nyuma ya lipu na vigae. Gofu huonyesha unene wa ukuta, mpangilio wa mawe ndani yake, mahali maji yalipopenyea na sehemu iliyotangulia kuanguka. Askari aliyewahi kuwa seremala, mwenye jukumu la kubomoa ngome za adui na kutengeneza zile zilizotekwa, hupata nafasi ya kuliona hilo mara nyingi kuliko mwalimu yeyote wa darasani.

Kazi mbili za jeshini ndizo zilizomjengea jina. Katika vita dhidi ya Waajemi, Lütfi Pasha alimwamuru aunde merikebu tatu za kutumika katika Ziwa Van, mbali na bahari na mbali na viwanda vya mashua. Aliziunda. Kisha mwaka wa 1538, katika safari ya Moldavia, jeshi lilikwama kwenye mto Prut. Kingo zake zilikuwa tope tupu, na madaraja yaliyojaribiwa yalididimia. Sinan alitandaza daraja la mbao kwa siku 13, na jeshi la Sultani likavuka.

Tutue hapo kidogo. Mtu anayejenga daraja la vita hana nafasi ya kulipamba. Lazima ajue udongo utabeba nini, mti utapinda kiasi gani na farasi wangapi watapita kwa mara moja. Akikosea, matokeo huonekana siku hiyohiyo, tena mbele ya mfalme. Wanafunzi wengi wa usanifu hutamani kuanzia kwenye uzuri wa sura ya nyumba, na ni vigumu kuwalaumu, maana sura ndiyo iliyowavuta. Sinan aliingia kwa mlango wa pili. Alianza na uzito.

Msanifu mkuu wa wakati huo, aliyejulikana kwa jina la Acem Ali, alipofariki, Lütfi Pasha alilipendekeza jina la Sinan. Yeye mwenyewe alisita, kwa kuwa kuacha safu za Wajanisari kulimaanisha kuacha njia ya vyeo aliyoipigania kwa miaka mingi. Hatimaye alikubali, akitumaini kwamba angepata fursa ya kujenga misikiti. Akawa mkuu wa ofisi ya wasanifu wa ikulu bila ya kuwa na jengo moja kubwa la mawe lililotambuliwa kuwa lake.

Na katika Istanbul hakuna msanifu aliyeweza kulikwepa jengo moja: Ayasofya. Kanisa hilo lilijengwa kati ya mwaka wa 532 na 537 kwa amri ya Mfalme Justinian, na likageuzwa msikiti Waturuki walipouteka mji mwaka wa 1453. Kuba lake lina upana wa mita 31 hivi. Kwa karibu miaka 1,000 hakuna aliyejenga katika mji huo kitu cha kulingana nalo. Wala kuba lenyewe halikuwa salama: lile la kwanza liliporomoka mwaka wa 558, miaka 21 tu baada ya kukamilika, na lililolifuata lilijengwa kwa kimo kikubwa zaidi ili lisisukume sana kuta zake.

Hapa ndipo lilipo somo la kwanza la usanifu, nalo halihitaji hesabu ngumu. Ukumbi ni rahisi kuujenga ukiwa wa mraba. Kuba ni duara. Ukiweka duara juu ya mraba, pembe nne hubaki bila kifuniko, na ni lazima zizibwe kwa kitu kinachoweza kuupokea uzito wa kuba na kuushusha kwenye nguzo. Wajenzi wa Ayasofya walizijaza pembe hizo kwa pembetatu zilizopinda, mithili ya vipande vya ganda la chungwa.

Somo la pili ni gumu zaidi. Kuba halilemei chini tu, bali husukuma nje pia, kama mtu aliyetanua miguu kwenye sakafu inayoteleza. Miguu isipopata kizuizi, mtu huyo ataanguka hata awe na misuli kiasi gani. Ayasofya ilipewa nusu kuba mbili, moja upande wa mashariki na moja magharibi, za kuuzuia msukumo huo. Kaskazini na kusini haikupewa nusu kuba yoyote, na upande huo ndiko nguzo zake kuu zilikoegemea nje kadiri karne zilivyopita.

Sinan hakuanza kwa kushindana na jengo hilo. Kazi yake ya kwanza kubwa ya mjini, msikiti aliojengewa Haseki Hürrem, mke wa Suleiman, ilikuwa kuba moja tu juu ya chumba cha mraba. Ni zoezi la kwanza katika daftari, nalo alilifanya kwa usafi bila ya kujionyesha.

Kisha mwaka wa 1543 Mwanamfalme Mehmed, mwana mpendwa wa Suleiman, alifariki mjini Manisa akiwa na miaka ipatayo 22. Sultani aliamuru ujengwe msikiti wa kumkumbuka, na ndio unaoitwa Shehzade, yaani mwana wa mfalme. Sinan alilitazama lile tatizo la Ayasofya, lililozuiwa pande mbili tu, akalipa jibu lililokamilika: nusu kuba nne badala ya mbili, moja kila upande. Kuba kuu la upana wa mita 19 liliketi juu ya nguzo nne, likasukumwa sawasawa kutoka kila upande hadi likatulia.

Ni jibu zuri, na watalii bado hulistaajabia. Lakini ukiingia ndani utaelewa kwa nini mwenyewe aliliita la uanagenzi. Nguzo nne kubwa zimesimama katikati ya ukumbi. Pande zote zinafanana, kiasi kwamba jengo lenyewe halikuelekezi mbele wala nyuma, ilhali msikiti una upande mmoja unaoutukuza, ule wa kibla. Hesabu imetoka sawa pande zote, ila mtumiaji wa jengo hakufikiriwa vya kutosha. Walimu wa usanifu wanaijua sana hali hiyo kutokana na michoro ya wanafunzi wao hodari. Katika misikiti yake mikubwa iliyofuata, Sinan hakuurudia mpango huo.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia kuliko yote. Ukiiangalia misikiti midogo na ya wastani aliyowajengea mawaziri, mabinti wa kifalme na maamiri wa bahari, utaona kwamba aliitumia kama daftari la mazoezi. Msikiti wa Binti Mihrimah huko Üsküdar, uliokamilika karibu wakati mmoja na Shehzade, aliujaribu kwa nusu kuba tatu. Kwa msikiti wa Amiri Sinan Pasha huko Beşiktaş, ambaye ni mtu mwingine aliyeshiriki naye jina, aliufuata waziwazi mpango wa msikiti wa Üç Şerefeli wa Edirne, uliokuwa umejengwa zaidi ya miaka 100 kabla, ambamo kuba limewekwa juu ya umbo la pembe sita. Hebu fikiria: msanifu mkuu wa dola, aliye katika umri wa miaka zaidi ya 60, ananakili kazi ya mtu mwingine ili aelewe ilivyofanya kazi. Akalirudia umbo la pembe sita kwa Waziri Kara Ahmed Pasha. Kwa Rüstem Pasha, mwanzoni mwa miaka ya 1560, akajaribu pembe nane.

Kuhama kutoka pembe nne hadi sita, kisha nane, kulikuwa na sababu. Kadiri pembe zinavyoongezeka, ndivyo umbo la chini linavyokaribia duara la juu. Zile nafasi za kuziba kwenye pembe hupungua, mzigo hugawanywa kwa nguzo nyingi zaidi, na kuta zilizobaki kati ya nguzo huwa hazina kazi kubwa ya kubeba. Ukuta usiobeba unaweza kutobolewa madirisha. Hivyo swali la uzito linageuka kuwa swali la mwanga, na hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kuona kwamba nguvu na uzuri wa jengo havikuwa mambo mawili.

Mwanga huo una gharama yake. Msikiti wake mwingine wa Mihrimah, ule wa Edirnekapı wa miaka ya 1560, una madirisha mengi kiasi kwamba kuta zake zinaonekana kama pazia. Mitetemeko ya ardhi ya mwaka wa 1894 na 1999 iliujeruhi vibaya, ukalazimika kukarabatiwa.

Kati ya mazoezi hayo kulikuwa na kazi kubwa ya daraja la pili, Suleymaniye, iliyoanza mwaka wa 1550 na kumalizika mwaka wa 1557. Safari hii alirudi kwenye nusu kuba mbili, kama Ayasofya, lakini upande wa kaskazini na kusini akaweka matao makubwa yenye kuta za madirisha, huku kuta za egemeo akizificha ndani ya jengo na katika baraza zake za nje zisimkere mtazamaji. Kuba lake lina upana wa mita 26 na nusu na kimo cha mita 53 kutoka sakafuni. Madaftari ya matumizi ya ujenzi huo yamehifadhiwa hadi leo, nayo yanaonyesha mafundi Waislamu na Wakristo wakifanya kazi bega kwa bega.

Ni katika ujenzi huo alipokaribia kupoteza kila kitu. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, mahasidi walimnong'oneza Sultani kwamba kuba halingesimama na kwamba Sinan alikuwa akipoteza wakati. Suleiman, ambaye sasa alikuwa mzee na mgonjwa, alifika kwenye ujenzi akiwa amefura kwa hasira na kutaka kujua kazi ingekwisha lini. Sinan aliahidi miezi miwili. Walioisikia ahadi hiyo walidhani amerukwa na akili. Alikusanya mafundi kutoka kila pembe ya jiji, akawasimamia usiku na mchana, na muda ulipotimia akamkabidhi Sultani ufunguo. Suleiman alimrudishia ufunguo huo ili yeye mwenyewe aufungue mlango.

Maji yalimfundisha somo jingine. Tangu katikati ya miaka ya 1550 alikuwa akijenga mfumo wa Kırkçeşme wa kuleta maji Istanbul kutoka misitu ya kaskazini, kwa mifereji iliyovuka mabonde juu ya madaraja ya matao. Mnamo Septemba 1563 mafuriko makubwa yaliyasomba baadhi ya madaraja hayo, likiwamo la Mağlova. Aliyajenga upya, na kufikia mwaka uliofuata kazi ilikuwa imekamilika. Daraja jipya la Mağlova, lenye ghorofa mbili za matao na nguzo zinazopanuka kuelekea chini, lingali limesimama. Wapo wataalamu wanaoliweka sawa na misikiti yake, nami sioni sababu ya kuwapinga.

Muda mfupi baadaye alikamilisha daraja la Büyükçekmece, magharibi mwa Istanbul, ambalo Suleiman alikuwa ameliagiza lakini hakuishi kuliona. Lina urefu wa mita 636 na matao 28, tena si daraja moja bali manne yaliyounganishwa, kwa kuwa Sinan alijenga visiwa ndani ya maji ili asitegemee mnyororo mmoja mrefu wa matao. Somo la mto Prut lilikuwa halijamtoka.

Selimiye ilianza mwaka wa 1568, kwa amri ya Selim wa Pili, mwana wa Suleiman. Sinan alikuwa anakaribia miaka 80. Humo zile pembe nane za Rüstem Pasha zilikua kufikia kipimo ambacho hakuna aliyekithubutu: nguzo nane zilizosogezwa hadi karibu na kuta, na juu yake kuba moja lenye upana wa mita 31 na robo. Hakuna nguzo inayokatiza katikati. Anayeingia huliona kuba lote kwa mara moja, na sauti ya mwenye kusoma huwafikia wote chini ya dari hiyo moja. Minara minne, kila mmoja ukiwa na urefu wa takribani mita 70, imesimama kwenye pembe za ukumbi.

Kumbukumbu zake zinajivuna kwamba kuba hilo lililipita la Ayasofya kwa dhiraa kadhaa, upana na kina. Vipimo vya siku hizi vinaonyesha kwamba kwa upana yanakaribiana mno, na kwamba kutoka sakafuni la Ayasofya liko juu zaidi. Tumsamehe majivuno hayo. Wakati wake kulikuwa na waliodai kwamba hakuna msanifu Mwislamu angeweza kujenga kuba la ukubwa huo, na kumbukumbu zinaonyesha kuwa maneno hayo yalimchoma kwa miaka mingi. Selim alifariki Desemba 1574, miezi michache kabla ya msikiti kufunguliwa.

Jambo la kupendeza ni kwamba katika miaka hiyohiyo, mnamo 1573, Sinan alitumwa kuikarabati Ayasofya yenyewe. Nyumba zilizobanana kuizunguka zilibomolewa, na kuta nzito za egemeo zikajengwa ubavuni kuzishikilia zile nguzo zilizokuwa zikiegemea nje. Wanahistoria wa ujenzi huzihesabu kazi hizo miongoni mwa sababu zinazofanya jengo hilo liwe bado limesimama. Mwanafunzi alikuwa amemtibu mwalimu wake.

Uzee wake uliangukia katika utawala wa Murad wa Tatu, ambaye jina lake si geni katika historia ya pwani yetu. Ni katika zama zake nahodha Mturuki Mir Ali Bey alipokuja na merikebu Afrika Mashariki, katika miaka ya 1580, na kuungwa mkono na Mombasa dhidi ya Wareno. Wareno walimkamata mjini humo mwaka wa 1589, miezi michache baada ya Sinan kufariki. Dola iliyojenga Selimiye haikufanikiwa kuacha jiwe lake katika kisiwa hicho.

Sinan alizikwa katika kaburi dogo alilolijenga mwenyewe kwenye pembe ya uwanja wa Suleymaniye, kando ya barabara, mahali ambapo mpita njia aliweza kupata maji ya kunywa. Maandishi ya kaburini, yaliyotungwa na Sai, hayautaji msikiti wa Selimiye kwa jina. Kazi yake iliyotajwa kwa jina ni daraja la Büyükçekmece. Mwaka wa 1935 kaburi hilo lilifunguliwa na fuvu lake likatolewa ili lipimwe na watu waliotaka kuthibitisha asili yake, katika enzi ambayo upuuzi wa namna hiyo ulivaa joho la sayansi. Leo chuo kikuu cha sanaa jijini Istanbul kina jina lake, na Selimiye iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco mwaka wa 2011.

Ofisi ya wasanifu wa ikulu, aliyoiongoza kwa karibu nusu karne, ndiyo iliyokuwa chuo cha wale waliokuja baada yake. Hawakusomeshwa kwa vitabu pekee. Walitumwa kupima, kusimamia, kukagua mabomba ya maji na kuandika hesabu za mawe na chokaa. Davud Ağa alimrithi kama msanifu mkuu. Mwingine, Mehmed Ağa, aliwahi kujifunza muziki kabla ya kuuacha na kushika kazi ya kupamba samani kwa lulumizi, ndiyo maana akaitwa Sedefkar, na ni kupitia karakana hiyo alipofika mbele ya Sinan.

Mwaka wa 1609 Mehmed Ağa, naye sasa akiwa msanifu mkuu, alianza kujenga msikiti wa Sultani Ahmed, ule ambao wageni huuita Msikiti wa Buluu, mkabala na Ayasofya. Alikuwa na mipango yote ya mwalimu wake ya kuchagua: pembe sita za Kara Ahmed Pasha, pembe nane za Selimiye, nusu kuba mbili za Suleymaniye. Alichagua nusu kuba nne za Shehzade.